Kabla ya Ubao: Mtoto na Shule katika Mwambao wa Uvira



Shule ya kwanza ya misioni katika mwambao wetu haikuwa na wazazi. Wanafunzi wake walikuwa watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, wengine wadogo kiasi cha kutojua jina la kijiji walikotoka. Kwa kawaida historia ya shule za Uvira, Baraka na Fizi husimuliwa kwa kuhesabu majengo, wakurugenzi waliopita na vyeti vilivyopatikana. Sisi tunaowaandaa walimu tumeona inafaa kuisimulia kwa upande mwingine, tukiuliza jambo moja tu: katika kila kipindi, ni nani aliyemtazama mtoto kama amekula, kama amelala, kama ana hofu, kabla ya kumwuliza hesabu?

Swali hilo halikuanzia katika vitabu vya kisasa vya ualimu, ingawa siku hizi vinaliandika sana. Kando ya ziwa hili lina umri wa karibu miaka 150, na palikuwa na siku lilipomwaga damu.

Kabla ya misioni elimu ilikuwako. Mtoto wa Muvira, wa Mufuliiru au wa Mubembe alijifunza kulima, kuchunga na kuvua ndagala na mikeke kwa kuwafuata wakubwa, na sheria za ukoo alizipata katika hadithi na mafumbo ya jioni, akikaa karibu na moto wa bibi yake. Tusiipambe elimu hiyo kupita kiasi. Ilikuwa na ukali wake, na msichana hakupewa yote aliyopewa kaka yake. Lakini ilikuwa na sifa moja tunayoomba mwishike mkiendelea kusoma: aliyefundisha ndiye aliyelisha. Shule ilipokuja ilizitenganisha kazi hizo mbili, na tangu hapo tunatafuta namna ya kuziunganisha tena.

Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, wakitokea Ujiji, walikuta mahali pa biashara ambapo misafara ilikuwa imekwisha kufika. Pembe za ndovu ziliuzwa, na watu pia. Kiswahili tunachokisema leo kilitufikia kwa njia hiyo hiyo, pamoja na nguo, shanga na minyororo. Katika hali hiyo ndipo Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walipofika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Mwaka uleule walianza kituo cha Rumonge, ng'ambo ya ziwa, katika Burundi ya leo. Mwisho wa mwaka 1880 walivuka kuja upande wetu, Masanze, na mwaka 1883 wakaanza kituo cha Kibanga, katika nchi ambayo leo ni ya Fizi.

Tusimame kidogo Rumonge. Tarehe 4 Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa pale: Padri Deniaud, Padri Augier na mlei mmoja, D'Hoop, aliyekuwa msaidizi wao. Sababu ya karibu ya mapigano hayo ilikuwa ugomvi juu ya mtoto mmoja aliyekuwa chini ya ulinzi wa misioni. Watu wa jirani walimdai kuwa ni wao, wamisionari wakakataa kumtoa. Wengi wetu tulipokea habari hii kama habari ya ushujaa tu. Ukiisoma kwa jicho la mwalimu, utaona jambo jingine ndani yake: kila upande ulisema mtoto ni wake, na mtoto mwenyewe, aliyekuwa kiini cha ugomvi, hatujaachiwa neno lake hata moja.

Masanze na Kibanga vilikuwa vituo vya watoto yatima kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Watoto walipewa chakula, nguo na mahali pa kulala, wakatibiwa vidonda, kisha wakafundishwa sala, kusoma na kilimo. Utaratibu huo ulilazimishwa na hali yao. Hakuna mtu anayeweza kumfundisha herufi mtoto aliyetoka kwenye msafara wa watumwa akiwa na homa na majeraha shingoni. Lavigerie mwenyewe, katika maagizo yake kwa wamisionari, alidai wajifunze lugha ya wenyeji na kuisema, tena akataka watoto walelewe Kiafrika katika chakula, mavazi na malazi, wasigeuzwe kuwa Wazungu wadogo wasio na kwao. Ni agizo la busara, na lingefuatwa vizuri zaidi katika miaka iliyofuata lingetuepusha na mengi.

Hata hivyo haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Mtoto aliyekombolewa hakuulizwa anataka kuwa nani. Alikua ndani ya uzio wa misioni, akaozwa kwa mwenzake wa misioni, akapewa shamba katika kijiji cha Wakristo kilichopangwa na wengine. Alilindwa, naam, na alipewa mkate wake, lakini maisha yake yaliamuliwa juu ya kichwa chake. Mambo haya mawili, ulinzi na kutoulizwa, yameandamana katika shule zetu mpaka leo.

Mmoja wa waliopita katika mkondo huo anastahili kutajwa na kila katekista. Adrien Atiman alitekwa akiwa mtoto huko Afrika ya Magharibi, akakombolewa na Mapadri Weupe, akapelekwa kusomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya ziwa letu katika Tanzania ya leo, akiwa tabibu na katekista, akabaki huko hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 ya kuponya na kufundisha, kwa mikono ileile. Mtu aliyewahi kuuzwa alijua kwamba mgonjwa hasikii somo, na hakuhitaji kuambiwa na mkaguzi.

Wa pili ni Stefano Kaoze, mzaliwa wa milima ya Marungu kusini mwetu, aliyepewa daraja la upadre tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, yaani Kirungu ya leo, padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Kabla ya upadre, akiwa bado mseminari, alikuwa amekwisha kuandika juu ya saikolojia ya Wabantu, maandishi yaliyochapishwa mwaka 1910 na 1911. Kijana wa mwambao huu alitaka kueleza jinsi watu wake wanavyofikiri na wanavyoona uchungu, ili waliokuja kuwafundisha wasifundishe hewani.

Wakati huo huo shule ilikuwa inageuka kuwa mkataba. Tarehe 26 Mei 1906 Vatikano na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold walitia sahihi mapatano: kila misioni itapata ardhi ya hektari 100 hadi 200, nayo kwa upande wake itafungua shule, pamoja na mafunzo ya kilimo na ufundi, na lugha za Wabelgiji zitaingia katika programu. Baadaye, chini ya Ubelgiji, ruzuku ziliongezwa na kanuni zikakazwa, hasa kuanzia mwaka 1929. Hatusemi hayo yalikuwa mabaya yote. Bila ruzuku hizo pengine babu zetu wasingejua kusoma. Ila serikali inapolipa kwa idadi, mtoto huanza kuwa idadi. Ripoti ilitaka kujua ni wangapi waliohudhuria na ni hekta ngapi zilizolimwa. Haikuwa na mstari wa kuandika ni nani aliyelala njaa.

Aliyeuziba ufa huo alikuwa katekista wa kijiji. Shule yake ilikuwa kanisa la nyasi lenye kengele au kipande cha chuma cha kugonga, na darasa lilikuwa watoto wa umri wote pamoja. Elimu yake ilikuwa ndogo, wengine walijua kusoma na hesabu za kujumlisha tu. Lakini alikaa kijijini. Alijua baba wa fulani ameenda migodini, mama wa fulani amejifungua jana, na kwa hiyo alijua kwa nini mtoto anasinzia. Wazee wengi wa parokia zetu walipata herufi zao hapo, na ukiwauliza watakumbuka jina la mwalimu kabla ya kukumbuka somo.

Pamoja na hayo kipindi kile kilituachia urithi mzito: fimbo. Serikali ya kikoloni ilitawala kwa kiboko hadharani, na shule, za misioni zikiwamo, ziliona kupiga kuwa sehemu ya kufundisha. Katika baadhi ya shule mtoto aliyesema lugha ya mama yake alivishwa alama ya aibu shingoni. Inafaa kukumbuka kwamba Kanisa lilikuwa na njia nyingine karibu. Mwaka 1877 Yohane Bosko wa Torino, Italia, alikuwa amekwisha kuandika juu ya malezi yanayotegemea akili, dini na upendo, mlezi akikaa katikati ya vijana wake kuliko kuwasubiri na adhabu. Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911. Njia hiyo ilifahamika, lakini katika madarasa mengi haikutumika. Tunakutana na jambo hili kila mwaka katika mafunzo ya walimu: kijana wa miaka ishirini na mbili, mwema, mwenye kusali, atatuambia bila kusita kwamba asingefaulu kama asingepigwa. Tumezoea kumjibu kwa swali, tukimwomba awahesabu aliosoma nao darasa la kwanza walioacha shule, kisha atuambie kama nao walifaulu kwa fimbo hiyo hiyo.

Wamisionari Waksaveri, Waitaliano kutoka Parma, walifika Uvira mwaka 1958. Uhuru ukaja mwaka 1960, na jimbo la Uvira likaundwa tarehe 16 Aprili 1962, Danilo Catarzi akiwa askofu wa kwanza. Miaka miwili tu baadaye maasi ya Simba yakaishika nchi yetu. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa, na jioni ile huko Fizi wakauawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Mnawafahamu, kwa kuwa tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa wenye heri hapa hapa Uvira, na Kardinali Ambongo akaongoza Misa. Tunataja habari yao katika makala ya shule kwa sababu ya Padri Albert. Alikuwa mwana wa Kapteni Leopold Joubert, yule askari wa Papa aliyelinda misioni ya Mpala dhidi ya wateka watumwa na kufariki mwaka 1927, na mama yake, Agnes, alikuwa binti wa nchi hii. Alikuwa padri aliyejali shule, na Fizi ilimhitaji kwa ajili hiyo. Damu ya watu wa pande mbili, katika mtu mmoja aliyehangaika ili watoto wa Babembe wapate madarasa: tungependa mumkumbuke na kwa jambo hilo.

Baada ya maasi milima ya Fizi ilibaki mikononi mwa waasi kwa miaka mingi, na watoto wa huko walikua bila cheti wala ubao. Upande wa mjini mtihani wa taifa, Egzeta, ulianza mwaka 1967. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizitwaa shule zote. Mambo yakaenda vibaya upesi, na tarehe 26 Februari 1977 mapatano yakatiwa sahihi, shule zikarudishwa chini ya uongozi wa makanisa, nazo zikaitwa shule za mapatano, mali ya taifa lakini zikiongozwa na Wakatoliki, Waprotestanti au Wakimbangu. Ndivyo zilivyo mpaka leo.

Kisha mshahara wa mwalimu ukafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 pesa ya Zaire iliyeyuka mikononi, walimu wakagoma, na mwaka mzima wa masomo ukawa hatarini kupotea. Wazazi pamoja na Kanisa wakakubaliana kwamba mzazi atamlipa mwalimu moja kwa moja, na malipo hayo yakaitwa primu. Lilikuwa tendo la kuokoa, na bila hilo shule nyingi zingefungwa kabisa. Lakini liliugeuza uhusiano wa mwalimu na mtoto kwa namna ambayo hatujaizungumza vya kutosha. Tangu hapo, asubuhi fulani za mwezi, orodha ilisomwa mbele ya wote na ambao hawajalipa wakarudishwa nyumbani. Mtoto wa miaka saba alijifunza mbele ya rafiki zake kwamba mama yake, muuza ndagala, hana kitu. Wapo waliozunguka sokoni hadi mchana ili wasirudi nyumbani mapema kumhuzunisha. Mwalimu aliyesoma orodha hiyo naye alikuwa na watoto wenye njaa, kwa hiyo hatumhukumu. Ila katika miaka hiyo ndipo aliyefundisha na aliyelisha waligeuka kuwa watu wanaodaiana.

Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliitikisa Uvira mwezi wa Oktoba, kisha vikateremka mwambaoni. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Babembe wa Fizi, walivuka ziwa kwa mitumbwi na boti hadi Kigoma, wakawekwa katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huo. Kilichotokea huko ni moja ya kurasa nzuri za historia ya elimu ya Kongo, nayo iliandikwa nje ya Kongo. Walimu wakimbizi walifungua shule kwa programu ya nchi yao, wakifundisha kwa Kifaransa katika nchi ya Kiswahili na Kiingereza, ili mtoto akirudi siku moja asiwe mgeni darasani. Waliokuwa walimu pale wametusimulia kwamba kazi ya kwanza haikuwa somo. Ilikuwa kuwaita watoto kila asubuhi saa ileile, mahali palepale, kwa majina yao, na kuimba. Mtoto aliyeacha nyumba ikiungua anahitaji kujua kwamba kesho asubuhi kutakuwa na jambo ambalo halibadiliki. Wataalamu wa saikolojia ya watoto wa vita wanasema hivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kuliko tunavyopenda kuyaandika. Mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999 mamia ya raia waliuawa Makobola, kusini kidogo mwa Uvira. Tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge waliokuwa wametoka upande wetu, waliuawa usiku katika kambi ya Gatumba, karibu na mpaka. Tunayataja yote mawili pamoja kwa makusudi, kwa maana watoto na wajukuu wa waliouawa kule na wa waliouawa huku wameketi, na wataketi, katika benchi moja. Katika mwambao huu mwalimu anaposoma orodha ya mahudhurio, majina yenyewe husema ukoo. Kicheko kimoja baada ya jina fulani, neno moja lililosikika nyumbani usiku na kurudiwa darasani asubuhi, na mtoto mmoja ameacha kusikia hesabu kwa wiki nzima. Hili halimo katika programu yoyote, na kwa maoni yetu linapita programu zote kwa uzito. Walimu tunaowaandaa tunawataka wakikate kicheko hicho siku ya kwanza, kwa sauti ya upole na bila hotuba, kisha waendelee na orodha.

Katiba ya mwaka 2006 ilisema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure. Ilichukua miaka 13 mpaka neno hilo lianze kutekelezwa, mwezi wa Septemba 2019. Orodha ya asubuhi ikanyamaza, na watoto waliokuwa wakiuza karanga kando ya barabara wakaingia darasani. Tulishukuru, na bado tunashukuru. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi ya watoto, na benchi la watatu likabeba watano. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa ajili ya korona, na usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili mito yetu, Mulongwe ikiwa mbele, ilifurika na kubomoa mitaa ya Uvira. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya familia zikabaki bila nyumba. Ziwa nalo likapanda katika miaka iliyofuata, likameza nyumba za ufukweni. Tukiongeza kipindupindu, kinachorudi katika mji huu mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya maji, tutaelewa mtoto anayeingia darasani asubuhi amebeba nini mbali na daftari lake.

Basi, mwalimu mmoja mbele ya umati huo afanye nini? Hatuwadanganyi walimu wanafunzi kwamba kuna dawa. Tunawaonyesha mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wao. Dirisha lifunguliwe, na walio wafupi wakae mbele. Watu hucheka, lakini katika darasa la watoto wengi nusu ya wanaoitwa wajinga hawaoni ubao. Maji safi na majivu au sabuni viwe karibu na choo, na choo cha wasichana kiwe na mlango unaofungika, kwa maana msichana anayeogopa choo huacha shule kimyakimya anapofika miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Anayesinzia aulizwe pembeni, sauti ikiwa chini, alikula nini jana. Anayeshtuka mlango unapogongwa asiulizwe mbele ya wengine aliona nini vitani. Akaliwe karibu na mtoto mtulivu, apewe kazi ndogo ya mikono kama kugawa chaki, na aachwe aseme siku atakayotaka mwenyewe. Haya hayagharimu pesa. Yanagharimu macho.

Na lugha. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na za mazingira kutumika katika kufundisha. Hapa kwetu maana yake ni Kiswahili, na pale inapobidi Kifuliiru, Kibembe au Kirundi. Hata hivyo wako wazazi wanaolalamika wakisikia Kiswahili darasa la kwanza, wakidhani mtoto ananyimwa Kifaransa. Tunaelewa hofu yao, maana Kifaransa ndicho kilichofungua milango ya ofisi. Lakini mtoto wa Kalundu asiyeelewa anachoambiwa hujifunza kitu kimoja tu kwa siku nzima, yaani kwamba shule si mahali pake. Akielewa kwanza kwa Kiswahili, Kifaransa atakipata, tena kwa urahisi zaidi. Kuhusu fimbo, sheria ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto iko wazi kwamba anastahili kulindwa dhidi ya ukatili, na Zaire ya wakati ule iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto mwaka 1990. Sheria ziko. Zinachosubiri ni mwalimu ambaye ameonyeshwa njia nyingine ya kunyamazisha watoto tisini, na kuonyesha njia hiyo ni kazi yetu sisi wakufunzi kabla ya kuwa yake.

Ninyi vijana wa Xaveri, wa Kiro na wa skauti mna nafasi katika historia hii ambayo wakubwa hawana. Mko karibu na umri wa mtoto, na mnaishi mtaani kwake. Katika baadhi ya parokia zetu wakubwa wa kikundi hukaa jioni na wadogo katika ukumbi, penye taa, wakawasaidia kazi za nyumbani kwa saa moja. Nyumbani kwa wengi wa watoto hao hakuna meza wala mwanga. Tumeona kwamba mtoto huuliza kwa mkubwa wa miaka kumi na saba swali ambalo asingethubutu kumwuliza mwalimu. Tumeona pia kwamba vikundi hivyo huvunjika pale wakubwa wanapoanza kujifanya walimu wakali, na hudumu pale kipindi kinapoanza na mchezo na kikombe cha uji, hata kama uji wenyewe ni mwepesi. Anayetaka kuanzisha kikundi cha namna hiyo aanze na watoto kumi, si hamsini, na azungumze kwanza na mkurugenzi wa shule ili asionekane anashindana nayo.

Limebaki jambo la mwalimu mwenyewe. Elimu ya bure iliondoa primu mikononi mwa mzazi, lakini si walimu wote walioingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Wapo wanaofundisha miaka kadhaa wakisubiri namba, wakiishi kwa shamba la bonde la Ruzizi au kwa duka dogo la mke. Hufika darasani saa moja na nusu asubuhi wakiwa wametoka kwa miguu Kavimvira au Makobola, wengine hawajanywa hata chai. Mwalimu huyo huyo ndiye tunayemwomba atazame kama mtoto wa safu ya nyuma amekula.